Mbuzi wa Kwenye Gunia: Serikali Inaponunua Kitu Ambacho Bado Hakipo

Katika zahanati za Tanzania, mgonjwa akipimwa damu na kukutwa na vimelea vya malaria, hukabidhiwa pakiti ya vidonge vya njano. Dozi ya kwanza humezwa palepale, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka siku ya tatu iishe. Mhudumu hukumbusha vimezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwa kuwa mojawapo ya dawa zilizomo hainyonywi vizuri tumbo likiwa tupu. Kitaalamu ni artemetha na lumefantrini, ALu kwa kifupi. Mitaani huitwa dawa mseto, na tangu mwishoni mwa 2006 ndiyo tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini. Kenya nayo ilianza kuitumia mwaka huohuo. Karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti hueleza kipimo, tahadhari na madhara. Haisemi kwamba dawa zote mbili zilizaliwa katika kazi iliyoagizwa na jeshi, wakati wa vita, na kwamba waliokusudiwa kuzimeza walikuwa askari.

Vita hivyo vilikuwa vya Vietnam. Katika miaka ya 1960 klorokwini, tegemeo la dunia dhidi ya malaria, ilianza kushindwa kusini-mashariki mwa Asia, na homa ikawa inawaangusha askari wa pande zote mbili. Vietnam ya Kaskazini iliomba msaada China, na tarehe 23 Mei 1967 kikao kilichofanyika Beijing kikaanzisha mradi wa siri uliopewa namba 523 kutokana na tarehe hiyo. Taasisi takriban 60 na mamia ya watafiti waligawiwa kazi. Mmoja wao, Tu Youyou, alikabidhiwa kikundi mwaka 1969, akapekua maandiko ya tiba za kale mpaka akafika kwenye maelezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeelekeza pakanga ilowekwe majini, ikamuliwe na maji yake yanywewe. Maelezo hayo hayakutaja moto. Tu akahisi kwamba kuchemsha ndiko kunakoiua dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191, chimbuko la artemetha, ikasafisha vimelea vyote katika panya wa maabara. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Upande wa pili, jeshi la Marekani lilikuwa limeanza msako wake tangu 1963 kupitia taasisi ya Walter Reed, likivilipa vyuo vikuu na kampuni kwa mikataba, na kemikali zaidi ya 250,000 zikapimwa. Humo ndimo ilimotoka dawa ya meflokwini. Majeshi yaliyosimama pande mbili za vita yalikuwa yakiwinda kimelea kilekile.

Kisa kama hiki huwafanya wengi wakimbilie jibu moja, kwamba vita ndiyo mama wa uvumbuzi, na nchi inayotaka sayansi haina budi kulinenepesha jeshi. Nadhani hapo tunamshukuru asiyestahili. Wahenga walituonya tusikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini utafiti, kwa asili yake, ni mbuzi wa kwenye gunia. Anayeulipia hajui kama ndani kuna mbuzi, kondoo au mawe matupu, na hata muuzaji hajui. Serikali ikiagiza madawati 500 inajua urefu wa dawati, aina ya mbao na bei ya soko. Inatangaza zabuni, inampa kazi mwenye bei nafuu aliyetimiza vigezo, na siku ya makabidhiano mtu anahesabu miguu ya madawati. Ikiagiza dawa ambayo haijagunduliwa, hakuna cha kuhesabu. Majeshi machache yaliyofanikiwa katika sayansi yalifanikiwa kwa sababu yalijifunza kununua kilichomo guniani bila kuibiwa. Ustadi huo ni wa mnunuzi, na mnunuzi si lazima avae gwanda.

Kwanza tuone ugumu wenyewe ulipo. Mikataba ya utafiti ina sura mbili kuu. Katika ya kwanza bei hukatwa mapema, na mkandarasi akikwama hasara ni yake. Kwa dawati ni sawa, ila kwa jambo lisilojulikana mwenye akili atakataa, au atapandisha bei mara tatu kujikinga. Katika ya pili serikali hulipa gharama zote zitakazojitokeza na kuongeza faida juu yake. Hapo mkandarasi hana hofu tena, lakini hana haraka pia, kwa sababu kila mwezi unaoongezeka ni mwezi wa mshahara. Ukichagua sura ya kwanza huwapati wajasiri, na ukichagua ya pili unafuga wavivu. Historia ya fedha za utafiti wa ulinzi ni historia ya kutafuta njia kati ya mitego hiyo miwili, na Marekani, kwa kuwa imetumia fedha nyingi kuliko nchi yoyote na kuacha kumbukumbu wazi, ndiyo mahali pazuri pa kuangalia nani alipita salama na nani alinasa.

Aliyepita salama mara nyingi ni wakala mdogo uitwao DARPA. Ulianzishwa Februari 1958 kwa jina la ARPA, miezi minne baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha setilaiti ya Sputnik na kuitia Washington kiwewe. Hauna maabara yake. Una watumishi wapatao 220, na kati yao karibu 100 ni mameneja wa programu, wengi wao wanasayansi na wahandisi wanaokuja kwa miaka 3 hadi 5 kisha wakarudi walikotoka. Bajeti yake ni takriban dola bilioni 4 kwa mwaka, ilhali wizara nzima ya ulinzi ilitenga zaidi ya bilioni 140 kwa utafiti, uundaji na majaribio mwaka 2024. Yaani sifa nyingi tunazolipa jeshi hilo kwa uvumbuzi zinatoka kwenye mfuko usiofikia asilimia 3 ya fedha hizo. Kama wingi wa fedha ndio ungekuwa siri, asilimia 97 zilizobaki zingekuwa na mengi zaidi ya kutuonyesha.

Mfano wa mtandao uliokuja kuzaa intaneti unaonyesha siri hiyo kwa karibu. Mwaka 1966 Bob Taylor, mkuu wa kitengo cha kompyuta cha ARPA, alikuwa na mashine tatu za kuchapia ofisini mwake Pentagon. Moja iliunganishwa na kompyuta ya Santa Monica, nyingine na ya Berkeley, ya tatu na ya chuo cha MIT. Akitaka kuzungumza na watu wa kompyuta nyingine ilimbidi ainuke, ahamie kiti kingine na aanze upya kwa amri za lugha nyingine. Kero hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa zabuni. Mwaka 1968 kampuni 140 zilipelekewa maelezo ya kitu kilichotakiwa, yaani kifaa cha kupokea ujumbe, kuukata vipande na kuvipitisha kutoka kompyuta hadi kompyuta. Kampuni kubwa ya IBM haikuomba, kwani iliona mtandao wa aina hiyo usingejengeka kwa gharama ya maana. Mkataba wa takriban dola milioni 1 ukaenda kwa kampuni ndogo ya ushauri iitwayo BBN, karibu na Boston, ambayo ilipewa miezi 8 hivi kufikisha kifaa cha kwanza. Kifaa kilichokaribia ukubwa wa jokofu kilifika Los Angeles mwishoni mwa Agosti 1969. Tarehe 29 Oktoba mwanafunzi alianza kuandika neno LOGIN kwenda kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Herufi L ikafika, O ikafika, na mfumo ukaanguka. Baada ya saa moja hivi ukasimama tena.

Ukiutazama mkataba ule utaona mambo manne. Mnunuzi aliisema shida yake kwa usahihi, kwa sababu ilikuwa inamuuma mwenyewe, lakini hakumwamuru mjenzi namna ya kuitatua. Fedha zilikuwa za kutosha kujaribu na kidogo kiasi kwamba kushindwa kusingemwangusha waziri. Muda ulikuwa mfupi na ulihesabiwa kwa miezi. Na upande wa serikali alikaa mtu aliyeweza kusoma michoro ya mhandisi na kujua kama anadanganywa. Hakuna hata moja kati ya manne hayo linalohitaji bunduki. Huyo ndiye ninayemwita mnunuzi mwenye macho. Hawezi kuona ndani ya gunia, lakini hulipapasa, hulipima uzito, husikiliza kama kuna kinacholia, na hulipa kidogo kidogo kadiri dalili zinavyoongezeka.

Sasa tumtazame aliyenasa. Mwaka 2002 jeshi la nchi kavu la Marekani liliingia mkataba na kampuni za Boeing na SAIC kuunda kizazi kizima cha magari ya vita, roboti, droni na mtandao wa kuviunganisha, vyote kwa pamoja. Mradi uliitwa Future Combat Systems. Teknolojia nyingi zilizotegemewa zilikuwa bado changa, na jeshi, kwa kukiri kwamba halina wataalamu wa kutosha, likawaachia wakandarasi hao kuratibu kazi yote, ikiwamo kuwachagua wakandarasi wengine. Mgema alisifiwa kabla hajapanda mnazi, na tembo likatiwa maji. Mwaka 2009 waziri wa ulinzi Robert Gates aliuvunja, na kabla vipande vyake vya mwisho havijafungwa takriban dola bilioni 18 zilikuwa zimetumika. Hapa kuna jaribio ambalo mwanasayansi angetamani kulipanga. Nchi ni ileile, wizara ileile, bendera ileile, na kwa miaka hiyo yote askari walikuwa wakiuawa kweli Iraki na Afghanistan. Kama dharura ya vita ndiyo inayozaa uvumbuzi, mradi huu haukukosa dharura. Ulikosa mnunuzi mwenye macho.

Msomaji makini ataniuliza kama sihesabu washindi tu. Pingamizi hilo ni la haki. Kwa kila intaneti kuna ndege ya nyuklia, ndoto iliyofukuzwa kwa miaka 15 na karibu dola bilioni 1 mpaka Rais Kennedy alipoifuta mwaka 1961 bila injini ya nyuklia kurusha ndege hata moja. Meflokwini yenyewe iliokoa wengi, lakini mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa onyo kali kuliko yote kwa sababu ya kizunguzungu na matatizo ya akili yanayoweza kudumu. Na kuna hesabu isiyoandikwa kwa dola. ARPA hiyohiyo, kupitia mradi ulioitwa Agile, ilisaidia majaribio ya sumu za kupukutisha majani ya misitu ya Vietnam, na athari za sumu hizo bado zinaishi katika miili ya watu. Siyafichi hayo. Lakini ukiyapanga vizuri yanaipa nguvu hoja yangu. Aibu ya ndege ya nyuklia si kwamba ilishindwa, maana utafiti usioshindwa kamwe si utafiti. Aibu yake ni kwamba ilishindwa kwa miaka 15. Na sumu ya misituni inatukumbusha kwamba gwanda lina gharama yake, hivyo ni busara kuuvua mkataba mzuri kutoka mwilini mwa mwenye silaha.

Kushindwa kwa bei nafuu ni jambo linaloweza kupangwa. Machi 2004 DARPA ilialika magari yasiyo na dereva kukimbia takriban kilomita 240 katika jangwa la Mojave kwa zawadi ya dola milioni 1. Yalianza 15. Lililofika mbali zaidi lilikwenda chini ya kilomita 12, likakwama ukingoni mwa barabara tairi zikitoa moshi. Zawadi haikulipwa hata senti, gharama nyingi za kujenga magari zilibebwa na timu zenyewe, na serikali ilijua kwa siku moja hali halisi ya teknolojia hiyo bila kutegemea maneno ya wauzaji. Oktoba 2005 mashindano yalirudiwa, zawadi ikawa milioni 2. Magari matano yalimaliza njia, na la Chuo Kikuu cha Stanford, Stanley, lilishinda kwa muda usiofika saa 7. Huo nao ni ununuzi wa mbuzi wa kwenye gunia, ila fedha hutoka mfukoni mbuzi akishatoka na kulia mbele ya mashahidi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wapenda soko, wanaosema kampuni binafsi zingefika tu, ila kwa kuchelewa kidogo. Saketi jumuishi, moyo wa kila simu, inawapa nusu ya haki. Jack Kilby wa Texas Instruments aliitengeneza mwaka 1958 na Robert Noyce wa Fairchild akaiboresha mwaka uliofuata, na Noyce hakupenda kabisa utafiti wake uendeshwe kwa fedha za jeshi. Serikali haikuvumbua kitu hapo. Lakini mwaka 1962 saketi moja iliuzwa kwa wastani wa dola 50, bei isiyoingia kwenye redio ya mtu yeyote, na mnunuzi alikuwa serikali peke yake, kwa ajili ya makombora ya Minuteman na vyombo vya Apollo. Viwanda vikajifunza kwa kutengeneza, na kufikia 1968 bei ilikuwa imeshuka hadi dola 2 na senti kadhaa. Kumbe kuna nyakati ambapo kazi bora ya serikali ni kuwa mteja wa kwanza, anayelipa ghali ili wa pili alipe rahisi. Na kuna mahali soko halifiki kabisa. Mgonjwa wa malaria kijijini hana fedha za kuzirudishia gharama kampuni ya dawa, ndiyo maana jeshi lilipata uwanja mtupu.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Wapo wanaosema bila hofu ya adui hakuna bunge litakaloruhusu fedha zimwagwe gizani. Ni kweli kwamba neno ulinzi hufungua makufuli, lakini mlipaji pia ndiye huandika swali. Jeshi la Marekani lilishirikiana na kampuni iliyokuja kuitwa GSK katika chanjo ya malaria ya RTS,S tangu 1984, likifikiria mtu mzima anayekwenda nchi ya joto kwa miezi michache kisha akarudi kwao. Mtoto wa Bagamoyo hakuwemo katika swali hilo. Chanjo iligeuzwa rasmi kuwa ya watoto wa Afrika mwaka 2001, fedha za hisani zilipoingia, na kutoka 2009 ikajaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba, Bagamoyo, Korogwe na Kombewa karibu na Kisumu zikiwamo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Miaka 37 ni mingi, na sehemu yake ni bei ya kungoja swali letu liulizwe na mtu mwingine. Kwamba raia wanaweza kuuliza wenyewe kumekwishathibitishwa. Mwaka 2009 Italia, Uingereza, Kanada, Urusi, Norway na Wakfu wa Gates waliahidi dola bilioni 1.5 kununua chanjo ya nimonia kwa nchi maskini iwapo viwanda vingeitengeneza kwa wingi kwa bei isiyozidi dola 3.50 kwa dozi. Mwaka 2011 Kenya ilikuwa tayari inawachanja watoto wake. Chanjo hiyo ilikuwa imekaribia kuiva, kwa hiyo ahadi ilivuta viwanda zaidi kuliko ilivyozaa sayansi mpya, lakini hakuna jenerali aliyehitajika kuiandika.

Kwetu Afrika Mashariki, tatizo mara nyingi linawekwa kwenye ufinyu wa bajeti peke yake. Lakini Kibaha kuna funzo jingine. Nyumbu, taasisi iliyo chini ya wizara ya ulinzi ya Tanzania, ilibuni na kuunda lori lililobeba jina hilohilo. Wahandisi walitimiza sehemu yao, ila lori halikuingia barabarani kwa wingi, maana kuunda sampuli ni jambo moja na kuwa na mnunuzi aliyeahidi kuchukua mia za kwanza ni jambo jingine. Sheria zetu za manunuzi zimejengwa kwa ajili ya madawati. Mkaguzi huuliza kama mali ilifika, na kwa utafiti swali hilo humwadhibu mkweli aliyekiri kwamba jaribio limegoma, likimwacha mjanja aliyeleta ripoti nene.

Chukua mfano wa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua 20 Dodoma na Manyara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi kisichoonekana wala kunusika. Zabuni ya mnunuzi mwenye macho ingesema hivi: tunataka kifaa ambacho mpokea mahindi mlangoni mwa ghala atakitumia bila fundi, kitoe jibu kabla lori halijashusha, na bei ya kipimo isizidi kiasi fulani. Timu tano zingepewa fedha kidogo kwa miezi sita, kisha mahindi yaleyale yenye sumu inayojulikana yangewekwa mbele yao wote. Mbili zilizokaribia zingeendelea, na moja ingepata oda ya vifaa kwa maghala ya taifa. Atakayeuliza kuhusu wizi atakuwa ameuliza jambo la msingi, na jibu lake limo ndani ya muundo huo. Fedha ndogo zinazotoka kwa hatua, na jaribio la wazi mbele ya mashahidi, humpa mwizi nafasi finyu kuliko mkataba mmoja mkubwa. Hapo raia ana faida ambayo jeshi halina, kwani halazimiki kufunika gunia lake kwa muhuri wa siri. Mkaguzi naye angekuwa na jambo la kukagua lisilohitaji shahada ya kemia, yaani kama mahindi yaliyowekwa mezani siku ile yalikuwa yaleyale kwa timu zote tano.